Nukta Zilizolala

Nakumbuka asubuhi ile kwa mlio wake kwanza. Nilikuwa kwenye kibaraza cha shule, natafuta chumba nilichopangiwa, nikasikia ka-ka-ka, ka-ka, kama mtu anayepasua kokoto kwa nyundo ndogo. Kisha kengele nyembamba ikalia mara moja, kitu cha chuma kikaburuzwa, kokoto zikaanza upya. Nikaufuata mlio huo mpaka stoo ya vitabu, nyuma ya maktaba. Nilipochungulia mlangoni ndipo nikamwona: binti mwembamba mwenye ushungi mweupe, amekaa wima, vidole sita juu ya mashine nzito ya kuandikia, ya kijivu, anaijaribu kabla ya mtihani kuanza. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, kama ya mtu anayesikiliza habari kutoka mbali.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesimamia mitihani mingi mpaka majina ya shule yananichanganya. Lakini stoo ile naikumbuka hadi misumari ya mlango wake. Nimekaa nayo moyoni miaka thelathini bila kuisimulia nje ya nyumba yangu, na ningeendelea kunyamaza kama si Neema.

Neema ni binti wa jirani yangu hapa Chang'ombe, ameajiriwa ualimu mwaka huu. Juzi mchana alikuja kunisalimu, akatupa mkoba wake kwenye kochi kabla hata ya kukaa.

"Bibi, shikamoo. Yaani mimi nina mkosi."

"Marahaba. Mkosi gani na jua lote hili?"

"Wamepanga wasimamizi wa mtihani. Wenzangu wote wamepata vyumba vya kawaida, mimi nimetupwa Hombolo, chumba cha mahitaji maalumu. Kuna kijana mmoja mikono yake haishiki vizuri, anaandika polepole, ameongezewa muda. Wenzangu watakuwa wanakunywa chai, mimi bado namtazama mtu anaandika herufi moja kama anachonga kinyago." Akacheka. "Lakini nimeshampata wa kubadilishana naye. Kaka mmoja wa hesabu, yule hana haraka na maisha."

Sikucheka naye. Nilimwambia akae, nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifundisha hapa mjini, na nilipelekwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne katika shule moja upande wa Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu. Mvua zilikuwa hazijaanza. Upepo ulibeba vumbi jekundu, ukalipitisha chini ya milango, ukalilaza juu ya madawati kila baada ya kufuta. Nami, mwanangu, nilikuwa adui wa vumbi. Nilikuwa nadhifu wa kupindukia. Sare za wanangu wa darasa langu nilizikagua mpaka kwenye pindo. Karatasi za majibu nilizipanga zikalingana kama matofali, nikazikunja katikati mara moja, kisha nikachukua chupa ya soda niliyowekea maji ya kunywa nikaiviringisha juu yake mpaka mkunjo ulale. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonyoosha vitambaa vya mezani wakati hatuna mkaa wa pasi. Bahasha zangu zilikuwa nyembamba, zimetulia. Wakuu wa vituo walizionyesha kwa wenzangu: tazameni kazi ya Mwalimu Debora. Nilizipenda sifa hizo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Mkuu wa kituo chetu alikuwa Mzee Chilongani, mwalimu wa zamani aliyebakiza miezi michache kustaafu. Alisema polepole, kila neno alilipa nafasi yake. Saa moja asubuhi alitukusanya wasimamizi wote akatusomea maelekezo. Alipofika kwenye ukurasa wa chumba changu, mimi nilikuwa nimeinama napiga mistari kwenye karatasi ya mahudhurio kwa rula. Nilisikia "mtahiniwa asiyeona", nikasikia "nusu saa ya nyongeza", na hapo nikaguna.

"Una neno, Mwalimu Debora?" aliuliza.

"Mzee, wote wanafanya mtihani mmoja. Kumwongezea mmoja muda si upendeleo?"

"Utakaa naye leo," alisema. "Jioni utaniuliza tena."

Akaendelea kusoma. Nami nikaendelea na mistari yangu. Alichokisoma baada ya hapo sikukisikia, mwanangu. Ningesikia, nisingekuwa na la kusimulia.

Tulipotoka, wenzangu walinitania. Mmoja akasema, "Debora kapelekwa kiwanda cha kokoto!" Mwingine akaniambia nijaze pamba masikioni. Nikacheka nao, maana nilitaka kucheka nao.

Binti yule aliitwa Zaituni, mwenyeji wa Chemba. Alinisalimu kwa heshima nilipoingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Uko tayari?"

"Niko tayari tangu mwaka jana," alisema, akatabasamu.

Nilimuuliza maana yake. Akanieleza, huku akipapasa kingo za meza aijue, kwamba mwaka uliopita alifanya mtihani huohuo mahali pengine bila mashine. Mtu alimsomea maswali haraka na kuandika majibu yake kwa ufupi, na muda ukaisha pamoja na wa wenzake. Akafeli. Baba yake mdogo amekubali arudie mara hii tu. "Nikianguka tena, mwalimu, narudi uani kupepeta mtama. Si kazi mbaya. Ila sitaki iwe kwa sababu mtu mwingine aliandika kwa ufupi." Alitaka kuwa mwalimu wa Historia. Na mtihani wa siku ile ulikuwa wa Historia.

Saa mbili nikafungua bahasha yake. Ndani mlikuwa na kurasa nene, nyeupe kabisa, hazina hata tone la wino. Ukizitazama juu juu ungedhani mtu amesahau kuchapa maswali. Lakini zilijaa vinundu vidogo kama vipele vya baridi kwenye mkono. Hayo ndiyo maandishi yao, nukta nundu, na hayana kitu kingine isipokuwa uvimbe ule wa karatasi. Zaituni alizipitia kwa ncha za vidole, midomo ikicheza, kisha mashine ikaanza.

Mlio ule ulijaza stoo nzima. Saa ya kwanza ulinikera. Saa ya pili niliuzoea. Saa tano kamili nikasikia kengele ya shule, viti vikaburuzwa madarasani, watahiniwa wakatoka nje wakipiga kelele za kuulizana majibu. Baada ya kitambo nikaona kupitia dirisha wenzangu wakielekea ofisini, mmoja amebeba birika. Zaituni alikuwa bado anapiga.

"Bado?" nikauliza.

"Bado swali moja, mwalimu."

Baada ya dakika tano nikauliza tena. Alipoinua vidole, nilijua nimemkatisha.

"Mwalimu, muda wangu haujaisha."

"Wenzako wameshatoka."

"Wenzangu walilisoma swali kwa macho. Mimi nimelisoma kwa vidole, na vidole haviruki mstari." Kisha akaongeza kwa upole, na utani kidogo, "Vumilia tu. Chai ya ofisini haina miguu."

Niliona haya, lakini si haya ya kutosha kuniponya. Saa tano na nusu nikamwambia aache. Akaacha palepale, akavuta ukurasa wa mwisho, akanikabidhi kurasa tisa kwa mikono miwili. "Nimemaliza yote," alisema, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo. "Yote, mwalimu. Mwaka jana sikufika hata nusu."

Nikageukia meza yangu. Kurasa zile zilikuwa pana kuliko bahasha niliyokuwa nayo. Baadaye niliambiwa kwamba kulikuwa na bahasha kubwa, ngumu, iliyotolewa kwa ajili ya kurasa hizo tu, na niliiacha ofisini pamoja na maelekezo yangu. Sikujiuliza. Nilizipanga, nikazikunja katikati. Mkunjo ulikataa kulala kwa sababu karatasi zilikuwa nene. Nikachukua chupa yangu, nikaegemea kwa uzito wangu wote, nikaiviringisha kwenye mkunjo, halafu juu ya furushi zima, mbele na nyuma, mpaka likawa jembamba, limetulia, kama bahasha zangu zote.

"Mwalimu," Zaituni aliita. "Huo mlio ni wa nini?"

"Nafunga karatasi zako."

"Kwa nini unaviringisha kitu?"

"Ni chupa. Zilikuwa zimevimba, nazilaza zik..."

Sikuimaliza sentensi. Mwanangu, kuna makosa ambayo mtu huyajua kabla ya kuyaelewa. Mkono wangu ulisimama wenyewe.

Zaituni alinyoosha kiganja. "Naomba niguse."

"Sheria hairuhusu. Muda umekwisha, huwezi kushika karatasi tena."

"Basi gusa wewe."

Nikafungua mkunjo nikapitisha kidole. Kwenye mkunjo palikuwa laini kama ganda la yai. Mahali pengine vinundu vilikuwepo, vimechoka. Pengine sikuweza kujua kama ni nukta au ni chembe ya vumbi. Alikuwa ametumia saa tatu na nusu kuyasimamisha maneno yale moja moja, nami nilikuwa nimeyalaza kwa muda wa kunywa maji.

Hakulia. Ningependa alie, au anitukane, nipate cha kujibu. Alisugua vidole vyake kwenye kitambaa cha sketi. Kisha akasema, "Utamwambia mkuu wa kituo, au nimwambie mimi? Mimi nikisema, watasema mwaka huu nimetafuta kisingizio kipya."

"Nenda kale kwanza," nilimwambia. "Nitalishughulikia."

Akaondoka akigusa ukuta. Nikabaki na bahasha. Na hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, maana lile la kwanza lilikuwa ujinga, lakini hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu zote. Nilikaa nikipiga hesabu. Bahasha ikifungwa, itakwenda mjini, itasafiri mbali, itapita mikono mingi. Nani atajua nukta zililala wapi? Wataweza kusema ni gari, ni kurundikwa, ni safari. Nikapaka gundi kwenye mdomo wa bahasha. Nikaufunga. Nikaubonyeza kwa kiganja, nadhifu, bila mkunjo hata mmoja.

Nilipotoka nje nilimkuta Zaituni kibarazani, karibu na mlango. Hakuwa amekwenda kula. Aligeuza tu uso upande wa nyayo zangu, akangoja kusikia zinaelekea wapi.

Zilielekea ofisini. Sijisifu kwa hilo. Kama asingekuwepo pale, sijui zingeelekea wapi.

Mzee Chilongani alikuwa peke yake, anaandika. Nikamweleza nikizungukazunguka, kwamba karatasi za chumba changu zimepata mikunjo kidogo. Aliweka kalamu chini, akanipa karatasi tupu. "Andika taarifa."

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Akasoma, akanirudishia.

"Hapa sioni mtu," alisema. "Naona karatasi zenye bahati mbaya. Nani alizikunja?"

Nikaandika tena. Nilipoandika "mimi", wino ukaacha doa, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu niliharibu ukurasa nisitake kuuandika upya.

Hakunigombeza kwa sauti. Aliniambia maneno machache, nayo nimeyabeba hadi leo. "Binti yangu, asubuhi uliniuliza kama ile nusu saa ni upendeleo. Wale wengine walipewa mtihani ulioandikwa kwa wino. Kuna aliyeuliza kama wino ni upendeleo? Hukuuliza kwa sababu wewe unatumia wino. Mtoto huyu hakuomba mtihani mwepesi. Aliomba huohuo, kwa njia anayoweza kuifikia. Wewe ulikuwa mlinzi wa njia hiyo, ukaona kazi yako ni kulinda mwonekano wa bahasha."

Akachukua baiskeli yake akaenda kituo cha polisi, kuomba redio ya upepo kuzungumza na mjini. Alasiri akaja ofisa wa mitihani kwa gari, pamoja na Mwalimu Yohana, mtaalamu wa nukta nundu, naye mwenyewe haoni. Waliamua hivi: bahasha ifunguliwe mbele ya mashahidi, Mwalimu Yohana asome kinachosomeka, mtu aandike kwa kalamu vilevile, na nakala zote mbili ziende pamoja na taarifa. Zaituni aliruhusiwa kukaa chumbani lakini asitamke neno.

"Nani ataandika?" ofisa aliuliza.

"Mwalimu Debora," alisema Mzee Chilongani. "Ana mwandiko mzuri."

Mwanangu, sijawahi kuandika kazi nzito kuliko ile. Mwalimu Yohana alisoma polepole, vidole vikirudi nyuma mara mbili, mara tatu. "Kwa sababu hiyo, watu wa nyanda za kati walilazimika..." Akasimama. Akapapasa. "Hapa nukta zimelala. Andika: haisomeki." Nikaandika. Mstari unaofuata ukatoka mzima, ukafuatiwa na mwingine uliokatika katikati. "Haisomeki." Kila alipolitamka neno hilo, nilimwona Zaituni anabana midomo. Alijua kilichokuwa pale. Alikuwa nacho chote kichwani, neno kwa neno, hatua tatu kutoka kwenye kalamu yangu, na sheria iliyokuwa sahihi kabisa ilimkataza kunipa. Jua lilipoinama tulikuwa tumefika ukurasa wa tisa. Majibu yake yalikuwa mazuri. Ni mimi peke yangu chumbani mle niliyekuwa nayaona yakiwa yameandikwa yote kwa pamoja, na niliona yalivyotoboka.

Nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye usimamizi kwa miaka miwili. Nilistahili. Matokeo yalipotoka, Zaituni alifaulu vizuri masomo yake, isipokuwa Historia. Historia alipita kwa shida. Akaendelea na shule, lakini si kwa masomo aliyoyataka. Uani hakurudi, namshukuru Mungu. Ila ualimu wa Historia haukuwa wake tena.

Nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, kwenye semina hapa mjini. Alikuwa mtumishi katika ofisi ya ustawi wa jamii, mama wa watoto wawili. Nilimsalimu nikataja jina langu. Akacheka. "Mwalimu wa chupa!" Watu wakageuka. Nikamwomba radhi mbele yao, kitu ambacho sikuwahi kukifanya vizuri siku ile. Akanishika mkono. "Nilikusamehe zamani, mwalimu, kwa sababu ulikwenda ofisini. Lakini kuna jibu moja la ukurasa wa nne, bado huwa naliwaza." Akanisomea jibu hilo kwa kichwa, zima, bila kukosea. Kisha akaenda zake.

Neema alikuwa ametulia kwenye kochi muda wote huo. Simu yake iliita mara mbili, hakuipokea.

"Bibi," akasema mwishowe, "sasa mimi huyo kijana wangu nimfanyieje?"

Nilimjibu hivi, nawe ulichukue kama lako. Usiende kwenye chumba hicho kama mtu anayetoa msaada. Muda ulioongezwa ni wake, si wako, wala si zawadi ya mtu. Usimuulize "bado", maana kila unapouliza unachukua dakika uliyotumwa kuilinda. Soma maelekezo ya chumba chako mwenyewe, mstari kwa mstari, hata kama umesimamia mara mia. Muulize mtoto kabla ya kuanza: karatasi zako zinashikwaje, meza yako ikae wapi, unahitaji nini ambacho sikijui? Yeye ameishi na mwili wake miaka yote hiyo, wewe umeujua asubuhi hiyo. Mazoea yako mazuri, yale unayosifiwa, ndiyo uyaangalie kwa wasiwasi zaidi, maana hayo huyatendi kwa kufikiri. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema siku hiyohiyo, na ujitaje kwa jina. Usimwachie aliyeumizwa kazi ya kukushtaki.

Neema alisimama, akavaa mkoba wake begani. "Maelekezo yangu niliyaacha ofisini, sikuyachukua," alisema, sauti chini. "Wanafunga saa tisa na nusu. Na yule kaka wa hesabu abaki tu na chumba chake."

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, kama walivyonifanyia wazee wangu, nikambariki: Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe subira isiyonung'unika na mkono usiodhuru. Akufungue masikio pale wenzako wanapocheka. Kijana yule akitoka katika chumba chako, atoke na yote aliyokuja nayo kichwani yakiwa yamefika kwenye karatasi. Na wewe unayenisoma, baraka hiyo ni yako pia, popote utakapopewa mtu wa kumlindia muda wake.

"Amina, bibi," alisema Neema. Akavaa viatu vyake kizingitini, akatazama saa, akatoka haraka, na mlango ukafungwa nyuma yake.